Antena ya Mwanangu Nailoni

Haya aliniambia mjukuu wangu Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, mimi nikichambua mchele naye amenyoosha miguu kwenye mkeka kama mtu aliyetoka vitani. Mengine nilimaliziwa na mkwe wangu, mke wa mwanangu, jioni ile ile, alipopita kuniletea mkate. Kwa hiyo kila nitakalosema hapa limetoka kwa mmoja wa hao wawili. Mwanangu mwenyewe nikimuuliza huvua miwani akaanza kuisafisha, na miwani yenyewe bado ina stika ya dukani kwenye kioo kimoja.

Mwanangu huyo ni kifungua mimba wangu. Nilimzaa mimi, nina ruhusa ya kumcheka. Watu wote wanamwita Nailoni, na jina halikudondoka kutoka angani. Akinunua godoro, nailoni haitoki. Analala juu yake, na akijigeuza usiku nyumba nzima inajua. Rimoti ya televisheni imefungwa ndani ya nailoni na kukazwa kwa mpira, ukibonyeza mbili inakuja saba. Viti vya sebuleni vina miaka tisa na bado vimevaa nguo ya dukani. Mgeni akikaa siku ya joto, kusimama mpaka abanduliwe. Niliwahi kumuuliza, "Baba, vitu hivi unamtunzia nani?" Akanijibu, "Mama, kitu kikishazeeka hakirudi ujana."  Mtu ana miaka hamsini na minne, anahangaika rimoti isizeeke, utamwambia nini?

Mwaka huu akanunua gari. Gari la juu, lile la kupanda milima, jeupe, linang'aa mpaka unajiona umekunjamana. Akasikia kwamba kampuni ya barabara inatafuta magari ya kuongoza malori kule kwenye machimbo ya mawe, akasema hiyo ndiyo kazi ya gari lake. Sijui alifikiri mawe yatapita mbali.

Kazi yenyewe ni hivi. Barabara ya machimboni ni nyembamba, inapitisha lori moja tu. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili hakuna upande wa pili. Malori yenye mawe yakianza kushuka, gari dogo linatangulia, na likifika kwenye kona iliyo chini ya mwamba linaita getini kwa redio, ile ya kubonyeza ndipo uongee: tunashuka, zuia wanaopanda. Simu pale hazishiki. Getini wasiposikia, wanaruhusu malori matupu yapande, na lori linakutana na lori mahali ambapo hata mbuzi hawezi kurudi nyuma. Kwa hiyo kila gari linajaribiwa kwanza. Linapelekwa pale konani, linaita mara tatu. Getini wakisikia hata mara moja vizuri, limefaulu. Na fundi aliyefunga redio na antena anatia saini yake kwenye karatasi, kwamba kazi ni yake na ni nzima.

Fundi wa mwanangu ndiye mjukuu wangu huyu, mtoto wa binti yangu. Kwa hiyo Nailoni ni mjomba wake. Kwenye orodha ya mafundi wa kampuni wako sita, na yeye ndiye mwanamke peke yake. Alisubiri mwaka na miezi kuingia humo. Siku alipoingia aliniletea picha ya karatasi ile kwenye simu, tukaiangalia wote wawili kama tunaangalia kitoto kichanga. Sasa sheria yao ni kwamba fundi ambaye kazi yake imeshindwa mara mbili anafutwa, na aliyefutwa harudi. Hilo usilisahau, maana mwanangu alilisahau kila siku.

Mara ya kwanza ilikuwa nyumbani kwa Nailoni, uani. Mpwa wake amekuja na mkoba wa vifaa, amevaa ovaroli, akauliza kwa heshima kama atoboe paa asubuhi ile au wanywe chai kwanza.

"Utoboe nini?" Nailoni akasema.

"Paa, mjomba. Antena inakaa katikati ya paa."

"Katikati ya paa la nani?"

Hapo ndipo akajitokeza Profesa. Profesa ni jirani yao. Alikuwa dereva wa basi la shule mpaka akaachishwa kwa kubishana na mwalimu wa hesabu kuhusu hesabu. Hajafungua redio hata moja maishani, lakini amewahi kusimama karibu na mtu anayefungua, na tangu hapo hana swali. Akalizunguka gari, mikono nyuma, akatoa hukumu:

"Bampa la mbele. Fikirini wenyewe. Gari linakwenda wapi? Mbele. Mawimbi ya redio yanakutana nalo wapi? Mbele. Ukiiweka juu, yanapita chini yake."

"Na gari likirudi nyuma?" mjukuu wangu akauliza.

"Mtu wa maana harudi nyuma."

Nailoni akacheka sana. Alifurahi kupata elimu isiyohitaji tundu. Binti huyu, mpwa wake, akamweleza kwamba bampa lile ni plastiki, na antena ni kama mtu anayerusha mawe, lazima awe na pa kukanyaga. Bati la paa ndiyo ardhi yake. Akiwa katikati anarusha kila upande sawasawa. Akiwa pembeni anarusha upande mmoja. Akiwa kwenye plastiki anarusha huku yuko hewani. Alieleza vizuri, maana hata mimi nilielewa, na mimi redio yangu naipiga kofi ndipo iseme.

Nailoni akaweka mkono begani kwake. "Mpwa wangu, ni nani aliyekuwa anakubeba mabegani kukupeleka shule mvua ikinyesha?"

"Ni wewe, mjomba."

"Basi."

Sasa hilo nalo ni jibu la wapi antena iwekwe? Lakini ndivyo tulivyowalea, mjomba akisema basi, ni basi. Akafunga kwenye bampa, akatia saini. Aliniambia mwenyewe, "Bibi, pale nilikosa mimi. Mkono ulikuwa wangu." Wakaenda kujaribiwa, na getini kilichofika ni mlio kama wa mtu anayekaanga kitu. Mama Geti, ndiye anayesimamia geti na kupokea sauti zote, akaandika kwa kalamu nyekundu: haisikiki. Kosa la kwanza la fundi. Bado moja afutwe.

Unafikiri Profesa aliona haya? Alisema siku ile mawimbi yalikuwa machache.

Kampuni ikawapa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Jumatano jioni mjukuu wangu akarudi kwa mjomba wake, safari hii hakuleta mkoba. Alikaa kwenye kile kiti cha kubandua, akasema, "Mjomba, ni paa, au nitafutie fundi mwingine. Nikishindwa tena nimekwisha."

"Nani kasema utashindwa?" Nailoni akasema. "Tutaiweka kwenye kioo cha pembeni."

"Kioo ni plastiki."

"Kwenye keria."

"Gari halina keria."

"Nitanunua keria."

"Utaifunga keria juu ya nini, mjomba?"

Akafikiri. "Pembeni mwa boneti, basi. Kwa kibano. Kibano hakitoboi."

"Itasikika upande mmoja. Upande wa pili ndiko liko geti."

"Si nitaligeuza gari?"

"Kwenye barabara ya lori moja?"

Mkwe wangu alikuwa mezani anakata kucha. Huyu mkwe wangu anaendesha gari la mikate, mwaka wa kumi na moja huu, anatoka kabla jua halijajua kama litatoka. Hana maneno mengi, lakini machache aliyonayo ameyanoa. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba watoto, ulinunua gari la kufanya kazi au la kuposa?"

"We usiingilie."

"Siingilii. Nauliza tu, maana kama ni la kuposa nijue, nianze kujiandaa."

"Mvua ikinyesha paa likivuja utasemaje?"

"Nitasema limelowa. Viti si vimevaa nailoni?"

Mjukuu wangu akasema hapo aling'ata ulimi asicheke, maana mjomba akichekwa anakuwa mgumu zaidi. Ilichukua saa nzima na vikombe viwili vya chai. Mwisho Nailoni akakubali kwa sauti ya mtu anayekubali kukatwa mguu. Lakini akataka sharti: chini ya kitako cha antena iwekwe raba, ili chuma kisiguse rangi.

"Hapana, mjomba. Lazima kiguse. Na rangi nitaikwangua hapo chini, duara dogo kama kifungo cha koti, chuma kiguse chuma. Raba ikiwepo, tumerudi kwenye plastiki."

"Duara kama kifungo?"

"Kama kifungo. Antena yenyewe itakaa juu yake, hutakiona."

"Nitajua kipo."

Mkwe wangu akasema, "Na mimi najua una kitovu, mbona tunaishi?"

Alhamisi kazi ikafanyika. Binti akapanda ngazi, akapima paa kwa kamba kutoka pembe hii hadi ile, akaweka alama, akatoboa. Nailoni alikuwa chini na karatasi mikononi, anakinga chenga za chuma zisianguke kwenye kioo. Kila drili ilipolia, na yeye alilia kidogo. Antena ikasimama katikati, imenyooka. Chini kwa ndani, bolti ikakazwa kwa nati, mahali pale taa ndogo ya ndani inapokaa. Akatoa kipimo chake. Ni kiboksi chenye mshale. Mshale ukilala, nguvu yote ya redio inatoka nje. Ukisimama, nguvu inarudi ndani kama maji kwenye bomba lililoziba. Akabonyeza. Mshale ukalala kama mtoto aliyeshiba. Akampigia simu mama yake, akamwambia, "Kesho tunakwenda."

Sasa sikiliza alichofanya mwanangu. Tulikijua baadaye, lakini nakwambia sasa usije ukasumbuka.

Ijumaa saa moja asubuhi mkwe wangu yuko kwenye mikate, mjukuu wangu yuko jikoni anakunywa chai. Nailoni akasema anakwenda kulifuta gari vumbi. Akaingia ndani, akatoa ile taa ndogo, akafungua nati. Akapanda ngazi, akainua antena, akatia chini yake raba aliyokata usiku uliopita kutoka kwenye tyubu mpya, duara safi, lenye tundu katikati. Kisha bolti nayo akaizungushia nailoni, isije ikakwaruza ukingo wa tundu, akaifunga na mpira. Akarudisha kila kitu. Akanawa mikono, akaja jikoni akasema, "Mpwa wangu, umekula vizuri?"

Watu wengine wakiharibu kitu wanaharibu kwa uvivu. Mwanangu anaharibu kwa bidii, huku ananawa mikono.

Wakaondoka watatu, maana Profesa naye alikuwa amekwisha kaa katikati ya kiti cha mbele na hakuna aliyemwalika. Njiani alisema siku zote yeye alikuwa upande wa paa. Wakapita getini, Mama Geti akaangalia karatasi. Ni mwanamke mnene, mfupi, ana mwavuli na kitabu, na redio yake imening'inia shingoni kama kitoto. Akamwambia mjukuu wangu, "Fundi, unajua hii ni ya pili?"

"Najua, mama."

"Malori saba yanasubiri juu. Mkifika konani mna dakika kumi, mara tatu, basi."

Wakafika konani. Mwamba uko juu yao kama paja la tembo. Binti akashika kinasa sauti cha redio, kile cha kuongelea, akabonyeza. "Geti, geti, hapa kona. Mnanisikia?"

Shhhh.

Akasubiri. Akaita tena, polepole, neno kwa neno. Kimya, halafu sauti ya Mama Geti ikaja safi kabisa, maana wao walimsikia, yeye ndiye hakuwasikia: "Kuna mtu anakoroma kwenye redio yangu. Kama ni gari la majaribio, hiyo ni ya pili. Imebaki moja."

Mjukuu wangu aliniambia hapo ndipo alipoogopa. Si kumwogopa Mama Geti. Alijua ameifunga vizuri, na mtu akijua amefunga vizuri na bado haisikiki, anaanza kujiuliza kama anajua chochote. Akatoa kipimo, akakiunga kwenye waya, akabonyeza kidogo. Mshale ukasimama wima kama askari.

"Jana ulilala," akasema.

"Leo umeamka," Profesa akasema. "Ni dalili nzuri."

Binti akaweka kipimo chini. Akabandua ile taa ndogo darini, akatia mkono. Mkono ukakutana na kitu laini. Akavuta kidogo, ukatoka mkia wa nailoni.

"Mjomba."

"Naam, mpwa wangu."

"Nani kagusa antena?"

"Antena haijaguswa. Imekingwa tu."

"Imekingwa na nini?"

Nailoni akavua miwani, akaanza kuisafisha.

Binti akashuka. Kutoka nje, ukikaza macho, ulimi mweusi wa raba ulikuwa umechungulia chini ya kitako cha antena, kama mtu anayemcheka. Akachukua spana mbili mkobani, moja akampa Profesa aliyekuwa ndani. "Shika nati hiyo hapo darini. Nikisema legeza, legeza. Nikisema kaza, kaza. Usifikiri chochote."

"Upande gani wa—"

"Usifikiri, Profesa!"

Sasa kulikuwa na shida moja. Mjukuu wangu ni mfupi, amenirithi mimi, na ngazi ilibaki nyumbani. Njia ya kufika katikati ya paa lile ilikuwa moja, juu ya boneti. Nailoni akaliona wazo lile kabla halijafika miguuni. Akashuka mbio, akasimama mbele ya gari, mikono ameitandaza kama golikipa.

"Hapandi mtu hapa!"

"Mjomba, nipishe."

"Viatu vyako vina mchanga! Tutarudi nyumbani, tutachukua ngazi, tutakuja kesho—"

"Hakuna kesho. Kesho nimefutwa."

"Utafanya kazi nyingine. Wewe bado kijana. Gari hili—"

Hapo, aliniambia, hakusikia hasira. Alisikia kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo wa mwenzake akidhani ni wake, halafu akasoma jina lililo juu yake. Akamwambia, "Mjomba, ulinibeba mabegani, na sitasahau. Samahani." Akapita chini ya mkono wake, akaweka buti juu ya boneti. Boneti ikasema *pwaa*. Akaweka la pili, akapanda paani akapiga magoti.

"Legeza!"

Profesa akalegeza. Hiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya maana aliyofanya tangu aachane na basi. Binti akang'oa antena, akachomoa raba, akaitupa upande ule usio na upande, akachana nailoni yote kwenye bolti kwa meno. Chini, lile duara alilolikwangua lilikuwa linang'aa safi. Akarudisha antena, chuma juu ya chuma.

"Kaza! Kaza tena! Sasa bonyeza kitufe cha kinasa sauti, unisomee mshale!"

Profesa akabonyeza. "Umelala!" akapiga kelele. "Umelala kabisa!"

Lakini hakuachia kitufe. Alisahau. Alikuwa ametoa kichwa dirishani, mdomo wazi, kuangalia mambo ya nje, na kidole kimebaki pale pale, na kila neno lililosemwa konani likapaa juu ya mwamba likashuka getini.

"Umenibonyeza boneti!" Nailoni analia. "Angalia! Kuna shimo! Naweza kunywea supu!"

"Na wewe umefungua kazi yangu bila kuniambia!"

"Raba kidogo! Raba ya tyubu mpya, sijawahi hata kuijaza upepo! Niliitia asubuhi wakati unakunywa chai, nikajua ukijua utasumbuka bure!"

"Malori yakigongana hapa je?"

"Nani kasema yatagongana? Mimi nalinda rangi, wewe unaniletea malori!"

"Mjomba, hii ni kazi ya malori!"

Wakavuta pumzi, wakageukia dirishani. Profesa akaona wanamwangalia, akashtuka, akaachia kitufe. Mara ile ile redio ikasema, kwa sauti iliyotulia ya mtu aliyekuwa anasubiri zamu yake:

"Gari la majaribio, hapa geti. Mkimaliza ugomvi na mimi naomba nafasi niongee. Nimewasikia. Nimesikia vizuri mpaka tyubu. Shukeni."

Getini Mama Geti aliwapokea na mwavuli. Wafanyakazi wawili waliokuwa naye walikuwa wamegeukia ukutani, mabega yanatikisika. Nailoni akashuka taratibu, amejinyoosha, akasema, "Kama ulivyosikia, mama, antena ni nzima."

"Antena nimeisikia. Na wewe pia nimekusikia."

Profesa akaanza, "Kitaalamu, mawimbi—"

"Wewe nyamaza. Wewe ndiye uliyekalia kitufe changu dakika nne nzima." Akafungua kitabu, akamgeukia mjukuu wangu. "Fundi, leo imesikika. Hii hapa imefaulu. Sasa niambie, mara ya kwanza, wazo la bampa lilikuwa la nani?"

Unaona mlango ulivyofunguliwa? Angesema neno moja, lile kosa lingefutwa. Mjomba wake pale anaangalia viatu.

"Saini ilikuwa yangu," akasema.

Mama Geti akamwangalia kidogo. "Basi kosa linabaki, moja. Tia saini ya leo."

Akapewa kalamu. Akaishika. Hakutia.

"Mama," akasema, "hii saini inasema gari hili litasikika. Leo litasikika. Kesho asubuhi mimi sipo, na mjomba wangu anaamka mapema." Kisha, bila kupandisha sauti, "Sitii mpaka nati ile ifungwe isifunguke bila watu kujua."

"Mpwa wangu, unaniaibisha mbele za watu," Nailoni akasema.

"Ulijiaibisha kwenye redio," Mama Geti akasema. "Mwenzio amefanya nini?"

Akaingia kibandani kwake, akatoka na lakiri, kile kidude cha risasi na waya wanachofungia mizigo ya malori, ukikata kinaonekana. Mjukuu wangu akatoboa kitundu kwenye mwisho wa bolti, akapitisha waya, Mama Geti akabana kwa koleo lake mwenyewe. Kisha akaandika kwenye karatasi, akisoma kwa sauti: lakiri hii itakaguliwa kila asubuhi, ikikutwa imekatwa, gari halishuki tena barabara hii, na fundi hana lawama. Akamwekea Nailoni mbele. "Wewe kwanza. Halafu yeye."

Mwanangu aliisoma karatasi ile kama barua ya mahakama. Aliisoma mbele, akaigeuza nyuma hakukuta kitu, akarudi mbele. Akatia saini. Ndipo binti akachukua kalamu, akatia yake.

Wakarudi nyumbani adhuhuri. Mpaka leo Nailoni anawaambia watu kwamba paa lilikuwa wazo lake, na kwamba lakiri ni heshima wanayopewa magari mazuri. Profesa anamuunga mkono, ameongeza kwamba mawimbi hushuka kutoka juu kama mvua, alishasema zamani. Sina nguvu ya kubishana nao. Debe likiwa tupu na lipigwe, ndiyo raha yake.

Siku ile Profesa alilala njiani, kiti cha nyuma, hata kabla ya barabara kunyooka, wakamwacha humo humo. Mjukuu wangu akafika, akavua buti mlangoni, akajilaza kwenye mkeka wa sebuleni na ovaroli yake. Mkwe wangu alirudi kutoka kwenye mikate, akamkuta amelala mdomo wazi, mkono mmoja bado umekunjwa kama umeshika spana. Akamfunika, akaingia chumbani na yeye akalala, maana siku yake ilikwisha anza zamani.

Akabaki Nailoni peke yake uani. Alifungua boneti, akaketi kwenye kigoda, akawa anasukuma lile shimo kwa kiganja kutoka chini. Likatoka, *tap*. Akiondoa mkono, likaingia, *pwaa*. Likatoka, likaingia. Mkwe wangu anasema alisikia mlio ule kupitia dirishani katika usingizi wake, tap, pwaa, tap, pwaa, unazidi kuchelewa, mpaka ukakoma. Alipochungulia, mwanangu alikuwa ameegemeza kichwa kwenye gurudumu, miwani imemteremka puani, kiganja kimeangalia juu, amelala.